Jibu: Shamba la baba lilitwaliwa, ajira tuliyoahidiwa haijaja

Pole sana, ndugu. Shamba limekwenda na mradi, fidia mkalipwa, lakini ahadi ya kumwajiri mtoto mmoja imebaki maneno. Nililifuatilia jambo kama hili kwa niaba ya mjomba wangu, najua linavyochosha.

Anza na swali moja: ahadi hiyo imeandikwa wapi? Fidia na ajira ni vitu viwili tofauti, na ajira huwa haki pale tu sheria, sera au mkataba unaposema hivyo. Mfano ni India: sheria yao ya 2013 inaipa familia iliyoathirika chaguo la ajira ya mtu mmoja pale mradi unapozalisha kazi, au rupia 500,000 kwa mkupuo, au malipo yasiyopungua rupia 2,000 kwa mwezi kwa miaka 20. Familia iliyokwisha kuchagua fedha hizo badala ya ajira itapata shida kudai na ajira.

Kwa hiyo soma alichosaini baba, mstari kwa mstari. Sisi tulikwama hapo: chini ya ukurasa wa pili palikuwa na kisanduku kidogo cha kuchagua fedha badala ya ajira, chenye alama ya vema, na mjomba hakumbuki kukijaza.

Kubalianeni mapema nani kati yenu ataomba ajira hiyo, na dada zenu wawemo kwenye mazungumzo. Barua ya maombi ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akitokea mtu anayetaka pesa ili "kusukuma jina", usimpe hata senti.

Miaka ikiwa imepita, muone wakili wa ardhi wiki hii. Madai yana ukomo wa muda.