Pika Oti Kama Mchele, Si Kama Uji

Ukimwambia mtu kwamba jioni kwako mnakula oti na vitunguu, mayai na mboga za majani, kwanza atakunja uso. Kinachomjia akilini ni uji: ule mzito unaonata kwenye kijiko, safari hii umetiwa chumvi badala ya sukari. Hata mimi huo singeutaka. Oti ninazopika siku za kazi hazifanani nao kabisa, na tofauti inatokana na mambo mawili tu: zikaangwe kabla ya kuona maji, na maji yenyewe yawe machache.

Oti zina aina ya wanga na nyuzinyuzi zinazoyeyuka ambazo hugeuka ute zikipikwa kwenye maji mengi huku zikikorogwa. Kwa uji, ute huo ndio unaotafutwa. Kwa chakula cha jioni ndio unaoharibu kila kitu. Ukizipitisha kwanza kwenye kikaango chenye moto, nje ya punje hukauka na kukamata rangi kidogo, ute hautoki ovyo, halafu inakuja harufu kama ya karanga ambayo uji wa maji matupu hauna.

Mimi hutumia oti bapa za kawaida, zile ambazo kiwandani hupikwa kwa mvuke kisha hubanwa zikawa bapa. Zile za papo kwa papo ziache kwa ajili ya uji. Zimesagika mno, na hata uzikaange vipi zitarojeka. Chenga za oti, yaani punje nzima zilizokatwakatwa bila kubanwa, ndizo tamu kuliko zote kwa mapishi ya chumvi, ila zinataka dakika 20 hadi 30 jikoni. Dawa yake ni kuziloweka tangu usiku ndani ya friji. Kesho yake zitaiva kwa karibu nusu ya muda huo.

Sasa njia yenyewe. Chukua vikombe viwili vya oti bapa, vunjia yai moja lililopigwa vizuri, changanya mpaka kila punje ipate unyevu. Usiogope, hazitanuka yai. Weka kwenye kikaango kipana kisichonata, bila mafuta, moto wa wastani, na ugeuze bila kuacha kwa dakika tatu hadi tano. Mwanzoni zitashikana mabonge. Endelea, zitakauka na kuachana. Hapo ndipo unatia supu au maji, kikombe kimoja kasoro kidogo, na chumvi yake. Geuza tena dakika mbili au tatu mpaka maji yaishe. Utapata punje zilizoachana, laini ndani, zinazotafunika. Zinatosha watu wanne zikiwa na kitoweo pembeni.

Kitoweo hicho ukitayarishe kwenye sufuria nyingine wakati oti zinakauka. Kitunguu kikaangwe taratibu mpaka kiwe cha dhahabu, kifuatiwe na kitunguu saumu, tangawizi, binzari ya manjano kidogo na pilipili manga. Karoti iliyoparuzwa na pilipili hoho huiva upesi, kwa hiyo zinafaa jioni yenye haraka. Majani ya spinachi yaingie mwisho kabisa, dakika moja tu. Ukiwa na uyoga, ukaange peke yake kwanza mpaka maji yake yakauke, vinginevyo utarudisha urojo uliokuwa unaukimbia.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni uchachu. Oti kwa asili zina utamu fulani wa mbali, na bila ndimu, limau au nyanya, chakula kitaonekana kimepooza hata ukikiongezea chumvi. Kamulia ndimu mezani, si jikoni. Kuna faida nyingine humo: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na maharage.

Ninapenda kuwatahadharisha watu wasidhani kwamba oti peke yake ni mlo kamili. Nusu kikombe cha oti bapa kavu, takriban gramu 40, kina kalori 150 hivi, gramu 5 za protini na gramu 4 za nyuzinyuzi. Si haba, lakini mtoto aliyecheza mchana kutwa atarudi jikoni baada ya saa moja akisaka kingine. Yai la kukaanga juu ya sahani huongeza protini ya gramu 6 hivi. Dengu au maharage yaliyokwisha kuchemshwa, kuku aliyebaki jana, samaki aliyechambuliwa: chochote kati ya hivyo kinatosha.

Sifa kubwa ya oti kiafya ni ile nyuzinyuzi inayoyeyuka, betaglukani. Tangu mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu watengenezaji waandike kwamba gramu 3 za betaglukani inayotokana na oti kwa siku, katika mlo wenye mafuta machache ya aina mbaya, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kuwa hushusha kolesteroli. Ili kuzifikia gramu hizo unahitaji kama robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha oti kavu. Ni chakula lakini, si dawa. Mwenye vidonge vyake aendelee navyo.

Kwa nyumba yenye mtu anayedhurika na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano: oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi huchanganyika nayo shambani au kinuni. Tafuta pakiti iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni. Wako wachache wanaodhurika hata na hizo, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza.

Mtoto mdogo na mzee asiye na meno hawataki punje zinazotafunika. Wao wapikie laini: kaanga kitunguu kwenye mafuta kidogo, tia oti, geuza dakika mbili, kisha mimina supu vikombe viwili kwa kila kikombe cha oti na uache zichemke polepole. Zime moto zikiwa bado majimaji, maana zitaendelea kunywa supu hata mezani. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mtolee sehemu yake kabla hujatia chumvi, na uipike kwa maji, si kwa supu ya vidonge vya kutia ladha. Vidonge hivyo vina chumvi nyingi sana, na hata sisi wakubwa tunapaswa kuonja kwanza kabla ya kuongeza.

Hizi laini ndizo ninazozipika nyingi makusudi, kwa sababu ya kiporo. Ziingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu zitoke jikoni, zitakaa siku tatu bila shida. Zikipoa huganda, na hapo usihangaike kuzirudisha kuwa laini. Vunjia yai, tia kitunguu kilichokatwa vidogo, kotmiri, jibini kama ipo, na ngumi ya oti kavu ikiwa mchanganyiko ni mwepesi. Finyanga viduara, bapaza, kaanga kwa mafuta kidogo dakika nne kila upande, bila kuvigusagusa mpaka vishike rangi chini. Ukivigeuza mapema vitavunjika. Moto ukiwa mkali vitaungua nje na ndani vibaki baridi, kwa hiyo wastani unatosha. Watoto hubeba hivi shuleni hata vikiwa vimepoa, na walio wengi hawaulizi vimetengenezwa na nini.