Usisubiri Chupa Iishe: Kuuguza Mwenye Maumivu Makali Huku Kusini

Dawa ya maumivu makali dukani hupati. Naanza na hilo ili nikuokolee nauli ya bodaboda. Maduka ya dawa muhimu tuliyonayo vijijini yanaruhusiwa kuuza dawa za orodha fulani tu, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, yaani morfini na wenzake, hazimo. Famasi za mjini nazo zitakudai cheti cha daktari hata kwa tramadoli, na hawakuonei. Ukimpata anayekufungia tramadoli mbili tatu kwenye kikaratasi bila kukuuliza neno, usifurahi. Hujui zimetoka wapi, na siku muuzaji akikosekana mgonjwa wako anabaki bila dawa na bila rekodi yoyote ya kwamba alikuwa akiitumia.

Mimi nimemuuguza mama. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa ikiwa imeshakwenda mbali, naye hakutaka kuhama nyumbani kwake Tandahimba, kusini mwa Tanzania. Kazi yangu iko Mtwara mjini, kwa hiyo nikawa mtu wa njiani: lami hadi Mnivata, kuanzia hapo vumbi au tope kutegemea majira. Nawaandikia wale wanaopigiwa simu usiku wa manane na kuambiwa "mama hajalala tangu jana", wakashindwa kujua waanzie wapi.

Wengi wetu tunadhani serikali imepiga marufuku morfini. Haijafanya hivyo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamwandama anayeifanyia biashara au kuitumia nje ya tiba. Kwa matibabu inaruhusiwa, ila kwa masharti. Hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao sheria za namna hii zimechimbuka humo, unasema mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi hazina budi kuwepo kwa ajili ya kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Masharti yenyewe ni ya karatasi: daktari aandike, mfamasia atoe kwenye kabati lenye kufuli, kiasi kiingizwe kwenye rejista, saini ziwekwe. Hesabu ikipungua, kuna mtu ataitwa kujieleza. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nesi yule yule anayekuchangamkia ukimpeleka mtoto mwenye homa anabadilika sura ukitaja morfini. Hana ubaya na wewe. Anaiogopa rejista.

Woga huo una gharama, na anayelipa ni mgonjwa. Mahali tulipoanzia, ambapo sitapataja, mama alipewa parasetamoli na diklofenaki wiki baada ya wiki. Nilipoomba kitu chenye nguvu zaidi nikajibiwa kwamba atazoea, na kwamba dawa ile ni ya watu wanaokata roho. Haikuwa kweli. Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi ya kutibu maumivu ya saratani tangu 1986: maumivu madogo parasetamoli au diklofenaki, yakizidi kodeini au tramadoli, yakizidi tena morfini. Kinachompandisha mtu ngazi ni ukali wa maumivu, hata kama ana miaka ya kuishi. Na dawa za chini zina ukomo wake. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tramadoli isizidi miligramu 400. Diklofenaki ya muda mrefu huchubua tumbo na kuumiza figo, na saratani hii ya mama zetu yenyewe hubana mirija ya mkojo. Kama mgonjwa anakojoa kidogo kuliko zamani, mwambie daktari hata asipouliza, maana figo zikichoka hata morfini hukaa mwilini muda mrefu na dozi inabidi ipangwe upya.

Ila nisimtupie daktari lawama zote. Mama alikuwa akigugumia usiku kucha, asubuhi akiulizwa "Hali yako mama?" anajibu "Nzuri, namshukuru Mungu." Ndivyo tulivyolelewa. Salamu hujibiwa kwa wema, na mwanamke aliyejifungulia watoto wake nyumbani haoni sababu ya kulalamika mbele ya kijana wa kiume aliyevaa koti jeupe, tena kuhusu sehemu hizo. Daktari naye anaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Faili likishasema vizuri, nani atajitia kuandika morfini?

Kilichotufungulia mlango ni daftari. Daftari la shule la kawaida, likikaa chini ya mto pamoja na kalamu. Mdogo wangu aliyekuwa akilala naye aliandika saa, mahali panapouma, dawa aliyopewa, na muda uliopita kabla maumivu hayajarudi. Wataalamu hupenda namba kutoka sifuri hadi kumi. Mama hakuzitaka, akawa anaonyesha vidole. Kidole kimoja ni kidogo, mkono mzima ni yale yasiyovumilika. Kila hospitali tuliyokwenda wakamwelewa. Zaidi ya vidole, andika maumivu yamemzuia kufanya nini. "Ameshindwa kukaa chini kuswali." "Ameshindwa kugeuka kitandani." "Ameacha uji nusu kikombe." Sentensi kama hizo daktari anaweza kuzinakili kwenye faili, na zikishaingia kwenye faili anayeandika dawa ana cha kumlinda akiulizwa kwa nini aliiandika. Unamfanyia kazi nusu.

Andika pia yanaumaje. Yale ya kuchoma kama moto, au ya kupiga shoti kutoka nyonga hadi unyayoni, mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu, na morfini peke yake haiyamalizi. Kuna dawa kama amitriptilini zinazoongezwa pembeni. Kuna watu wanaikataa amitriptilini kwa kuwa wamesikia ni dawa ya msongo wa mawazo. Ni kweli inatumika huko, na inatumika huku pia. Kwa saratani iliyoingia mifupani, mionzi hata ya siku moja inaweza kupunguza maumivu sana, lakini hiyo ni safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na mgonjwa aliyechoka safari hiyo haiwezi bila kutulizwa kwanza.

Sasa njia ya kuipata. Usiende dirishani kuuliza "mna morfini?" Watakuambia hakuna, na pengine kwa dirisha lile kweli hakuna. Uliza huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, iko wapi, iwe upo karibu na hospitali ya Ligula hapa Mtwara, na hospitali ya kanda pale Mitengo, na hospitali ya Sokoine kule Lindi, au na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Palipo na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo ndipo utakapokuta mtu asiyetetemeka. Ukinyimwa, usigombane. Sema kwa upole: "Daktari, naomba uniandikie kwenye faili kwamba ana maumivu ya vidole vitano, na sababu ya kutompa dawa ya ngazi ya tatu. Kama hapa haipo, naomba rufaa ya kwenda ilipo." Nimeona sentensi hiyo ikibadilisha mazungumzo. Ikishindikana, mganga mfawidhi ana ofisi, na ofisi ina mlango.

Mkishapewa, kazi ndiyo inaanza. Morfini ya maji hufanya kazi kwa saa nne hivi, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, hata kama wakati huo haumwi. Hili lilikuwa gumu kueleweka nyumbani. Kaka yangu alikuwa akisema tumwache apumzike na dawa mpaka yaanze, tusimalize chupa bure. Maumivu yakishapanda, kuyateremsha kunakula dawa nyingi kuliko kuyazuia, na chupa ndiyo inaisha haraka. Uliza pia dozi ya dharura, ya maumivu yanayochomoka kabla saa ya dozi inayofuata haijafika, na iandikwe.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wala si kwa kijiko cha chai. Na soma lebo kila mara: chupa hazifanani nguvu. Mililita tano za hospitali moja zinaweza kuwa na morfini nyingi zaidi kuliko mililita tano za nyingine. Nilikuwa naandika kwa kalamu nene juu ya chupa, miligramu na mililita, ili mdogo wangu asikisie gizani.

Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kulala sana na kusikia kichefuchefu. Kwa mama usingizi ule ulitutisha, mpaka nesi alipotukumbusha kwamba mtu huyu hajalala vizuri kwa miezi, ana deni. Hayo hupungua. Choo hakipungui: morfini hufunga choo kwa muda wote inapotumika, hivyo dawa ya kusukuma choo, kama bisakodili, iandikwe siku ile ile. Papai na maji vinasaidia lakini havitoshi. Cha kutisha kweli ni mgonjwa asiyeamshika, anayepumua taratibu sana, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya pini. Huyo usimpe dozi nyingine, mkimbize hospitali. Kuna sindano ya naloksoni inayoiondolea morfini nguvu. Na msimu wa mabibo, jamani, yupo mjomba atakayesema tone la nipa, ile pombe kali ya mabibo, linatuliza kuliko dawa zenu. Pombe na morfini vyote hupunguza kasi ya kupumua. Mpe mjomba heshima yake na kiti, glasi uiondoe.

Ramadhani ilitukuta katikati. Mama alitaka kufunga, na dawa ya kila saa nne haiendi na swaumu. Maneno yangu hayakumwingia hata kidogo. Aliyemaliza jambo ni shehe wa mtaa, aliyekuja baada ya alasiri akamsomea aya ya Suratul Baqara inayomruhusu mgonjwa asifunge, akamwambia kulisha maskini kunamtosha kwa kuwa ugonjwa wake si wa kutarajia kupona. Akanywa dawa mbele yake. Kama una mgonjwa wa namna hiyo, mtafute shehe kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu uraibu, kwa kuwa ndiyo hofu kubwa. Mwili huzoea morfini, maana yake ni kwamba ikikatishwa ghafla mtu atatoka jasho, atatetemeka, ataharisha. Hiyo ni tofauti na uraibu, wa mtu anayeisaka dawa huku inamharibia maisha. Anayetumia kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo cha daktari, mara nyingi hafiki huko, na maumivu yakipungua kwa mionzi hupunguziwa kidogo kidogo. Watu hunitajia Marekani. Kule dawa ziliandikwa ovyo kwa miaka, watu wakafa kwa wingi, ni kweli. Ila kuna upande wa pili usiosimuliwa: mwongozo wa kubana uandikaji wa dawa hizi, uliotolewa huko 2016, ulitumiwa kuwakatia dawa ghafla wagonjwa waliokuwa wakizihitaji, hadi ukarekebishwa 2022. Wao walianza kwa kumwaga. Sisi hatujawahi hata kujaza.

Na hapa kuna jambo watu hawalijui. Kila mwaka nchi hupeleka kwenye bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyoko Vienna, makadirio ya dawa hizi inazohitaji, na kiasi inachoingiza hutegemea hayo. Makadirio yanatokana na kilichotumika na kilichoombwa. Hospitali isiyoandika morfini kwa sababu wagonjwa wake wote "wako nzuri" inaonekana haina mwenye maumivu. Daftari la mama yako lina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Mwisho, chupa. Hesabu siku zilizobaki, na anza kushughulikia inayofuata ikiwa bado nusu. Huku kwetu huwezi kujipa uhakika wa njia. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga, na chochote kilichokuwa kikisubiriwa kutoka huko kilisubiriwa. Piga simu kabla ya kupanda gari, uliza kama dawa ipo na kama mwenye kuandika yupo zamu. Omba namba ya wodi siku ya kwanza kabisa, wakati bado mnacheka nao. Dawa usimpe konda kama kifurushi cha korosho. Anayetumwa awe mtu mzima, abebe kitambulisho cha NIDA, cheti, daftari, barua ya mgonjwa au ya mwenyekiti wa kijiji, na chupa tupu, kwani pengine wataitaka ndipo watoe nyingine. Nyumbani ikae kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na watoto na mbali na wageni wanaoumwa migongo. Mgonjwa akifariki, kilichobaki kirudishwe hospitali wakiandike, kisigawiwe kwa jirani hata akiomba kwa machozi. Huyo jirani mpeleke kwa daktari, na umpe daftari jipya.