Ed Roberts hakukimbia, aliuza akarudi shamba

Hapana ndugu, umeuliza kama Ed Roberts, yule Mmarekani aliyetengeneza kompyuta ya Altair, aliingia kwenye kilimo kwa sababu kompyuta zilimshinda, sio hivyo kabisa. Kilichomkaba ni vikokotoo alivyokuwa anauza, bei zilishuka vibaya kampuni yake ya MITS ikabaki na madeni, ndo akaja na Altair 8800, ikatoka kwenye jarida Januari 1975. Mashine yenyewe haina kioo wala kibodi, ni swichi na taa tu mbele, memori baiti 256, unaiunga mwenyewe nyumbani, na bado oda zilimiminika kwa maelfu! Bill Gates na Paul Allen, waanzilishi wa Microsoft, walianza kwa kuiandikia BASIC, yaani lugha ya kuandikia programu, watu wanasahau sana hili na linaniuma.

1977 akaiuza MITS kwa kampuni ya Pertec, akaenda kulima jimbo la Georgia, Marekani, kule kule alikokaa utotoni kwenye shamba la babu na bibi yake, kwa hiyo alikuwa anarudi nyumbani. Halafu akasomea udaktari, akahitimu 1986, akatibu watu kwenye mji mdogo wa Cochran mpaka uzeeni. Alifariki Aprili 2010. Mimi namheshimu zaidi kwa hiyo miaka ya Georgia.