Muulize Bibi Shamba: Kiwanja cha gereji ya zamani

*Shikamoo Bibi Shamba. Mtaani kwetu Mwananyamala kuna kiwanja ambacho mwenyewe haonekani miaka mingi. Zamani palikuwa na gereji, sasa pamekuwa jalala, na mvua ikinyesha ni mbu watupu. Sisi akina mama kumi na wawili wa kikoba tunataka kupafanya bustani ya mboga. Fedha za majembe tumeshachanga. Tuanzie wapi?*
*Mama wa Kikoba, Mwananyamala*

Marahaba mwanangu. Majembe msinunue kwanza. Neno lililonishtua katika barua yako ni gereji.

Palipokuwa na gereji palimwagwa oili chafu, palikwanguliwa rangi, na mara nyingi palipasuliwa betri. Betri ya gari ina madini ya risasi, na risasi hiyo haiozi wala haiishi kwa mvua. Inaathiri ubongo wa mtoto unaokua, na mtoto ndiye anayechezea udongo kisha akalamba vidole. Mchicha ukiuosha unaondoa vumbi la juu tu. Kilichoingia ndani kupitia mizizi kinabaki.

Kwa hiyo msipande ardhini, pandeni kwenye viroba. Wenzetu wa Kibera, Nairobi, wanafanya hivyo na ninawapenda kwa ufundi wao. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi. Livute kopo juu, kokoto zibaki, ujaze tena mpaka kiroba kijae. Mnara huo wa kokoto ndio unaoshusha maji hadi chini. Juu panda mchicha, ubavuni toboa matundu uchomeke miche ya sukuma wiki. Kila kiroba kikae juu ya matofali, mizizi isipenye kwenye ardhi ile.

Udongo wa kujazia ulizeni umechimbwa wapi. Wa kando ya Mto Msimbazi msiuchukue hata ukiwa mweusi wa kupendeza, kwa sababu mto ule unapokea maji machafu ya viwandani na majumbani. Samadi ya kuku iacheni ikae miezi miwili au mitatu. Mbichi inaunguza miche.

Sasa huyo mwenyewe asiyeonekana. Mwanangu, yupo. Mwaka 2011 mimi na majirani zangu tulifyeka kiwanja kule Temeke, tukalima bamia na matembele. Bamia zilipofika kiunoni, alikuja mtu na hati yake mkononi, na kesho yake asubuhi tukakuta buldoza. Hatukuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Nililia kama nimefiwa.

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wawasaidie kujua eneo ni la nani. Likiwa la mtu, atafutwe, muandikiane: mtakaa muda gani, na akilihitaji awape nafasi ya kuvuna. Likiwa eneo la wazi, ombeni kibali manispaa. Hapa pia viroba vina faida: mkiambiwa mhame, mnahama na mboga zenu.

Fedha za majembe ziwekeni kwenye maji. Tafuteni simtanki, hata la lita 500, na keni mbili za kumwagilia. Bustani nyingi za vikundi nilizoziona zikifa, zilikufa kiangazi, kila mtu akidhani mwenzake amemwagilia. Andikeni zamu ukutani. Mchicha mtauchuma baada ya wiki tatu hadi nne, na hilo litawashika wale wenye moyo mdogo.

Jumamosi hii tafuteni mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji ile, awaonyeshe walipokuwa wakipasulia betri. Hapo pamwagieni zege, watoto wasipachimbe.