Waliosema hana moyo

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukiacha mpira wa miguu, ni mwanamichezo gani ambaye maisha yake yamekugusa, na kwa nini?" Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma swali. Ni Charles Oliveira, Mbrazili, aliyewahi kuwa bingwa wa uzito mwepesi wa UFC, shirika la Marekani linaloandaa mapambano ya MMA. Najua wengi wa rika la mama yangu wanauona mchezo huo wa MMA, unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, kama ugomvi wa kulipwa. Mniwie radhi nikirefusha maelezo, maana habari ya mtu huyu naijua pia kwa mwili wangu.

Tumezaliwa mwaka mmoja, 1989. Yeye alizaliwa Oktoba huko Guarujá, mji wa pwani katika jimbo la São Paulo, akakulia upande wa Vicente de Carvalho, kwenye mitaa ya mabanda ambayo Wabrazili huiita favela. Mimi nilizaliwa Mwanza. Alipokuwa na miaka 7, mtoto anayependa mpira kama watoto wote wa Brazili, viungo vilianza kumuuma na madaktari wakasikia kwenye moyo wake sauti isiyostahili kuwapo. Ilikuwa homa ya rumatiki. Wazazi wake waliambiwa wasahau habari ya michezo, na kwamba huenda hata kutembea kukawa shida.

Mimi yalinipata nikiwa na miaka 9. Ugonjwa huu huanza na kitu kidogo kinachodharauliwa, koo la mtoto. Mafindofindo yanatibiwa kwa maji ya chumvi, yanapoa, watu wanasahau. Wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili, iliyokuwa ikipambana na wale bakteria wa kooni, inageuka na kushambulia magoti, vifundo vya miguu, na mbaya kuliko vyote, vali za moyo. Hupenda nyumba zenye watu wengi katika vyumba vichache, ndiyo maana favela na uswahilini tunaufahamu sawasawa. Zahanati moja ya karibu na kwetu ilinitibu malaria mara tatu mfululizo kabla mtu mmoja hajaniwekea kifaa kifuani na kukaa kimya muda mrefu. Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa sindano ya penadur kila baada ya wiki nne, na mama akanipiga marufuku kucheza mpira. Nilikuwa nakaa juu ya tofali kando ya uwanja nikishika mashati ya wenzangu.

Nayasema haya mapema ili nieleweke vizuri. Simtaji Oliveira kama ushahidi kwamba madaktari hawajui kitu. Daktari wangu alijua, na sindano zile ndizo zilizonifikisha hapa. Mzazi yeyote anayesoma haya, asimwachishe mtoto dawa kwa sababu ya bingwa wa Brazili. Kilichonigusa ni kingine kabisa, na kimejificha ndani ya neno letu moyo.

Akiwa na miaka 12 alianza jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kukunjana mkekani. Nyumbani fedha za mafunzo hazikuwapo, lakini mlango ulifunguliwa, akaingia, na mwili ule ulioambiwa hautaweza ukawa unaweza. Vijana wa mitaa ile wakienda kwenye mashindano walikuwa wakiitwa watu wa "Bronx" kwa sababu ya kwao walikotoka. Oliveira alilichukua jina hilo akalifanya lake, na hadi leo anaitwa Charles do Bronx.

Agosti 2010, akiwa na miaka 20, aliingia UFC na kumsalimisha Darren Elkins, yaani kumbana hadi akakubali kushindwa, kwa sekunde 41. Mwaka huohuo alipata mkanda mweusi wa jujitsu. Kila mtu alidhani ubingwa uko mlango wa pili. Haukuwa. Jim Miller alimvuta mguu akasalimu amri. Donald Cerrone akampiga, Cub Swanson akampiga, Frankie Edgar akamshinda kwa pointi. Mwaka 2015 pambano lake na Max Holloway lilikwisha raundi ya kwanza kwa jeraha. Halafu Anthony Pettis, halafu Ricardo Lamas, na Desemba 2017 Paul Felder akamaliza kazi kwa viwiko. Hayo ni mapambano 8 aliyopoteza ndani ya UFC, na katikati yake mara kadhaa alishindwa kutimiza uzito.

Hapo ndipo lile neno lilipoanza kumfuata. Mashabiki, wachambuzi, hata baadhi ya wapiganaji wenzake, walisema ana kipaji lakini akibanwa anakata tamaa. Kwa Kiswahili tungesema hana moyo. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyeambiwa na hospitali kwamba moyo wake una kasoro, anakuwa mtu mzima, na ulimwengu unamrudia na hukumu ileile kwa maana nyingine. Mara ya kwanza niliposikia mchambuzi akilirudia hilo nilizima simu. Niliumia kama ninayesemwa mimi.

Kuanzia Juni 2018 hakupoteza tena kwa miaka minne. Ushindi 11 mfululizo. Miller yule aliyemsalimisha zamani alirudiwa na kukabwa katika raundi ya kwanza. Machi 2020 alimkaba Kevin Lee mjini Brasília ndani ya ukumbi usio na mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona; unasikia pumzi zao na sauti za makocha tu, na kwangu hilo ni kati ya mapambano yake mazuri. Silaha yake kubwa ni kabari ya nyuma, ile ambayo mitaani kwetu inajulikana kwa jina baya la roba. Hakuna mpiganaji katika historia ya UFC aliyewasalimisha wapinzani wengi kuliko yeye.

Tarehe 15 Mei 2021, Houston, alipigania mkanda wa ubingwa ulioachwa wazi na Khabib Nurmagomedov aliyestaafu. Mpinzani alikuwa Michael Chandler. Raundi ya kwanza Oliveira aliangushiwa ngumi nzito, akawa chini, akajikunja, na nina hakika waliokuwa wakisema hana moyo walijiandaa kusema "tuliwaambia." Raundi ya pili ilipofika sekunde ya 19, Chandler ndiye aliyekuwa chini. Oliveira akawa bingwa, miaka karibu 11 tangu aingie UFC.

Desemba mwaka huo Dustin Poirier alimwangusha raundi ya kwanza. Oliveira aliinuka, na raundi ya tatu alikuwa mgongoni kwa Poirier wakiwa wamesimama, mkono umeshapita chini ya kidevu, na Poirier akasalimu. Mei 2022 Justin Gaethje naye alimwangusha, na kabla raundi ya kwanza haijakwisha Gaethje alikuwa amesalimu. Mabingwa wengine hushinda bila kuguswa, na wana sifa zao. Huyu katika mapambano yake matatu makubwa kuliko yote alianza kwa kuanguka. Sijui kipimo kingine cha moyo kinachozidi hicho.

Lakini lile pambano la Gaethje lina kisa ambacho hadi leo kinaniuma. Kikomo cha uzito wao ni ratili 155, yaani kilo 70 na kidogo. Katika pambano la kawaida mpiganaji huruhusiwa kuzidi ratili moja. Likiwa la ubingwa, hakuna hata chembe. Kwenye upimaji Oliveira alisoma 155.5. Alipewa saa moja ya ziada, akarudi, mizani ikasoma vilevile. Nusu ratili ni takriban gramu 227, haifiki hata robo kilo ya sukari. Wapiganaji kadhaa waliilalamikia mizani ya kujipimia iliyowekwa kwa ajili yao kabla ya upimaji. Kamisheni ya michezo ya Arizona, jimbo la Marekani pambano lilikofanyika, ilishikilia kipimo cha mizani yake rasmi, na kanuni ni kanuni. Pambano lilipoanza tu, mkanda haukuwa wake tena. Gaethje angeshinda angekuwa bingwa. Oliveira akishinda hapati kitu ila nafasi ya kuupigania upya.

Akashinda, na akasimama katikati ya ulingo akisema bingwa ana jina, na jina ni lake. Niliona watu wakimcheka kwa hilo. Mimi nilimwelewa. Alikuwa amepokonywa na mizani kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amempokonya kwa mikono.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu hayabadilishi ninachosema. Oktoba 2022, Abu Dhabi, Islam Makhachev alimkaba raundi ya pili, kwa haki kabisa. Akamwangusha Beneil Dariush 2023, akapoteza kwa Arman Tsarukyan 2024 kwa majaji kugawanyika, akamshinda Chandler kwa mara ya pili. Juni 2025 Ilia Topuria alimzimisha raundi ya kwanza, nokauti ambayo sikuweza kuitazama mara mbili. Wengi walisema sasa basi, apumzike. Na mimi, nakiri, nilitaka apumzike.

Hakupumzika. Miezi isiyofika minne baadaye alipangiwa kupigana Rio de Janeiro, mbele ya watu wake. Mpinzani wa kwanza aliumia, akaletwa Mateusz Gamrot kutoka Poland, mtu wa mieleka asiyechoka. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili, Oktoba 12. Nilikuwa sebuleni, sauti nimeipunguza ili nisiamshe watu. Raundi ya pili Oliveira akaupata mgongo, mkono ukapita, Gamrot akagonga kuonyesha amesalimu. Ukumbi mzima ukalipuka ndani ya simu yangu.

Mama alikuwa ameamka kujiandaa kwenda misa ya kwanza. Ana miaka zaidi ya sabini sasa, na ngumi huwa hataki kuziona. Alisimama nyuma ya kiti changu akiwa na kitenge begani, akatazama yule mtu aliyepiga magoti.

"Ndiye yule wa moyo?" akauliza.

"Ndiye, mama."

Akavuta kiti, akaketi. "Hebu rudisha nyuma nimwone."