Historia ya Baba Yako Anayo Wifi Yako

"Shangazi, baba yetu mpendwa alifariki mwaka jana nyumbani Isevya, Tabora, akiwa na umri wa miaka 81, baada ya kulala kitandani miaka minne. Mwezi ujao tunafanya misa ya mwaka mmoja na kukamilisha kaburi. Mimi ni mtoto wa kwanza, ninaishi Dar es Salaam, na nimegharimia karibu kila kitu: marumaru, turubai, fulana zenye picha ya baba, pamoja na kuandika historia yake itakayosomwa kanisani. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, ananikwamisha. Anasema historia niliyoandika ina uongo. Amekataa kuitoa taa ya reli ya baba ili ipigwe picha. Na msibani alicheka waziwazi mtani wa Kizaramo alipovaa kofia ya marehemu na kuigiza anavyochechemea, jambo lililotudhalilisha mbele ya wageni. Tangu zamani alijipendekeza kwa baba, hadi baba akawa anamwita 'mama'. Nimwambie nini mdogo wangu ili amdhibiti mkewe?"

Pole, binti yangu. Mwaka mmoja hautoshi kumzoea baba aliyekwenda, na machozi yako sitayapima. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila niliporudia, aliyezidi kunipendeza ni huyo unayemshtaki.

Tuanze na hilo unaloliita kujipendekeza. Mzee aliyelala miaka minne hulishwa kwa kijiko, hugeuzwa ubavu usiku na mchana ili asipate vidonda, huogeshwa, na hubadilishiwa mashuka wakati wenzake wamelala. Wewe ni mtoto wa Unyamwezi na unajua jinsi mkamwana na baba mkwe wanavyooneana haya, hata kupishana mlangoni huwa na adabu yake. Sasa niambie, mzee wa watu angeufichaje utupu wake mbele ya mke wa mwanawe, kama si kumwita mama ili yeye awe mtoto? Neno hilo lilikuwa nguo yake, nawe umelifanya kosa la jinai.

Umeniorodheshea ulichokigharimia, na siku moja tu uliyoketi kando ya kile kitanda hukuiandika. Sisemi kwamba fedha zako hazikufaa, kwa kuwa dawa hununuliwa kwa fedha, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nashukuru kwamba umeniambatishia na ile historia. Umeandika kuwa baba yako alikuwa "afisa mwandamizi wa reli", kisha mistari mitano baadaye ukajisahau, ukasimulia jinsi mlivyokuwa mkimkimbilia jioni akirudi na koleo begani. Afisa gani wa reli hurudi nyumbani na koleo begani? Baba yako alikuwa mtu wa genge, binti yangu. Alitembea juu ya njia akikaza boliti zilizolegea, akibadilisha mataruma yaliyochoka, akishindilia kokoto na kufyeka nyasi, na masika yalipokata tuta aliitwa hata usiku. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo hakuna abiria wa Kigoma, Mwanza wala Mpanda aliyewahi kupita hapa bila watu kama yeye kuwa wametangulia kwa miguu. Alianza kazi chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, akaendelea chini ya shirika la reli la nchi yetu hadi alipostaafu, na kwa mshahara huo wa koleo ulisoma wewe ukawa mtu wa kununua marumaru. Unamwonea aibu ya nini? Wifi yako anapokataa uongo huo usomwe kanisani, mbele ya wazee waliofanya kazi naye bega kwa bega, anakuokoa wewe na minong'ono.

Kuhusu mtani, hapo Dar es Salaam imekulevya kidogo. Utani wetu na Wazaramo umetoka kwenye misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani na kupita katika nchi yao. Mtani haji msibani kupamba. Huja kumtembeza marehemu mara ya mwisho kama alivyokuwa, kwa kofia yake, mguu wake mbovu na ubahili wake kama alikuwa nao, ili waliokauka kwa kilio wapate kucheka. Wifi yako alicheka kwa sababu aliutambua ule mguu. Yeye ndiye aliyekuwa akiukanda.

Liko na jambo jingine, ambalo hukuniuliza. Katika kurasa mbili za historia, mama yako ana mstari mmoja: "ameacha mjane". Mwanamke aliyelala macho akisikiliza mvua na kumngoja mumewe arudi kutoka kwenye tuta amepewa maneno mawili, ilhali orodha ya vyeo vya watoto, vyako vikiwa vya kwanza, imechukua ukurasa mzima. Wajukuu nao wamekuwa tarakimu, 11, bila hata mmoja kusema babu alimfundisha nini. Ndiyo kumbukumbu za siku hizi: picha ya marehemu huwa kwenye kila kifua, na walio hai ndio wanaosifiwa. Ndoa zetu nazo zimefuata mkondo huohuo, kwani tunakagua sherehe na ukumbi, lakini hakuna anayemuuliza bwana harusi ni nani atakayemgeuza ubavu baba yake. Mdogo wako alibahatika kuoa jibu, nawe unataka alidhibiti.

Usimwambie mdogo wako chochote. Panda treni uje Tabora wiki moja kabla ya misa, bila mpiga picha. Siku ya kwanza kaa na mama yako, umuulize walivyokutana, na uandike kwa maneno yake mwenyewe bila kuyanyoosha. Kisha nenda jikoni kwa wifi yako, umwombe radhi huku ukimenya viazi, maana radhi ya mikono mitupu haitamwingia. Mwombe akusimulie ile miaka minne, na historia hiyo aisome yeye kanisani akikubali. Fulana chapisha ukipenda, sina ugomvi na fulana.

Ile taa iache ilipo. Kabla hujaitaka tena, waulize watoto wa wifi yako ni nani kati yao babu aliyemfundisha kukata utambi wake.