Kamera inalala mpira ukiwa uwanjani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Napiga picha za vijana wakicheza mpira. Kamera ikining'inia shingoni dakika moja tu, inalala. Nikiona shuti linakuja nainua, nabonyeza, kimya. Inapokuja kulia, mpira umeshapita. Kamera yangu ya zamani, ile ya kioo, haikunitesa hivi. Je, shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kupiga picha, imechoka? Nibadilishe kamera?

JIBU: Marahaba. Usiiuze kwanza. Piga picha mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikichelewa na ya pili ikitoka papo hapo, shata ni nzima. Kinachokuchelewesha ni usingizi wa kamera.

Kwenye kamera ya kioo, mwanga hupita kwenye lenzi, ukagonga kioo, ukafika jichoni mwako bila kuhitaji umeme. Hata ikiwa imelala, wewe uliendelea kumwona mchezaji na kumfuata, nayo ikaamka bila wewe kugundua. Hii mpya isiyo na kioo haikuonyeshi kitu mpaka sensa, kile kipande kinachonasa picha, ipate umeme, isome picha, kisha iirushe kwenye kiskrini kilicho ndani ya kitundu cha kutazamia. Na lenzi nayo huenda ikabidi ijipange upya. Muda huo wote umekaa gizani, na ndiyo maana unauona mrefu.

Dawa yake iko kwenye kidole. Mchezaji akianza tu kukimbia na mpira, bonyeza kitufe cha shata nusu, yaani kidogo tu bila kupiga, kamera ikiwa bado kifuani. Ikifika jichoni iwe imeshaamka. Fanya hivyo hata pale usipokusudia kupiga, mpaka kidole kizoee. Kisha ingia kwenye menyu, tafuta muda wa kamera kujizima, uutoe kwenye dakika moja uupeleke kwenye tano. Betri itaisha mapema, ni kweli, basi tembea na ya akiba. Wapo wanaozima swichi kabisa kila baada ya picha ili kutunza betri; mimi sikubaliani nao hata kidogo, hasa uwanjani. Kamera nyingi huchukua muda zaidi kuwaka kutoka kuzimwa kuliko kuamka usingizini, na baadhi hutikisa sensa kwanza ili kupukuta vumbi.

Ikiwa kamera iko macho na bado inasita, hapo chunguza fokasi, yaani jinsi lenzi inavyojipanga ili picha itoke kali. Ukitumia fokasi ya mara moja, kamera nyingi hukataa kupiga mpaka zihakikishe kitu kinaonekana kikali, na mchezaji anayekimbia habaki mkali. Weka fokasi endelevu, ile inayojirekebisha mfululizo, umfuate huku umeshikilia kitufe nusu, ndipo umalizie kubonyeza. Hakikisha pia hujaacha saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ikiwa imewashwa. Kosa hili huwapata hata wazoefu.

Baadhi ya kamera mpya huanza kuhifadhi picha tangu unapobonyeza nusu, zikakupa hata zile za kabla hujamalizia kubonyeza. Kama yako inayo, itumie, ila huduma hiyo kwa kawaida hutumia shata ya kielektroniki, yaani sensa husoma picha yenyewe bila pazia kusogea, na kwenye sensa nyingi mpira unaokwenda kasi unaweza kutoka umepinda.

Baada ya hayo yote kamera ikiendelea kuchelewa kuamka, funga lenzi nyingine. Ikiamka haraka, mpelekee fundi lenzi, si kamera.